Makumbusho ya magari ya kale: magari tunayo, nani atayatunza mwenyewe akishafariki?

#1 MzeeWaKabureta

Wakuu heshima kwenu,

Kila mtu akipost humu picha ya Peugeot 404 au Land Rover 109 iliyofunikwa turubai nyuma ya gereji, lazima atokee wa kusema nchi hii ingekuwa na makumbusho ya magari tungekuwa mbali. Naunga mkono mia kwa mia. Ila nimefuatilia haya mambo ya makumbusho ya magari ya huko duniani muda mrefu, yaliyosimama na yaliyokufa, na naona sisi tukianza tutaingia mle mle walimoingia wengi, yaani mtu anakusanya magari, anajenga banda, anakata utepe, halafu ile hesabu ya nani analipa kila mwezi na nani anarithi inabaki kichwani kwake peke yake. Siku akiondoka duniani makumbusho nayo inaondoka. Naomba tuijadili taratibu, uzi utakuwa mrefu.

Nianze na Mulhouse, Ufaransa, maana kile kisa nikikisimulia watu hawaamini.

Kulikuwa na ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, matajiri wa viwanda vya kusokota nyuzi za sufu. Fritz alikuwa na ugonjwa wa magari ya kifahari ya Bugatti. Hakuwa ananunua moja moja, alikuwa anazoa, mwaka 1964 alichukua Bugatti 30 kwa mkupuo kutoka kwa Mmarekani mmoja wa Illinois aitwaye John Shakespeare. Akazificha kwenye jengo la kiwanda, akaajiri mafundi kama 40 wa kuzifufua na wakaambiwa wafunge midomo. Ndani akasimika mataa ya nguzo kwa mamia, nakala ya yale ya daraja la Alexandre III kule Paris. Makumbusho kamili, imepangwa mpaka taa, ila wananchi hawajakaribishwa.

Miaka ya 70 biashara ya sufu ikayumba. Watu wakaanza kupunguzwa kazi, 1976 migomo ikapamba moto, ndugu wawili wakakimbilia kwao Uswisi. Machi 1977 wafanyakazi wakaingia kwenye lile jengo kwa nguvu, sasa vuta picha wewe ajira yako imeshakufa, mnawasha taa mnakuta magari zaidi ya 400, Bugatti peke yake zaidi ya 100, na kati yake zipo mbili za zile modeli za Royale ambazo dunia nzima zimebaki 6 tu. Wakalikalia jengo miaka miwili, wakawa wanawapitisha watu wenyewe kuangalia. Mwaka 1978 serikali ya Ufaransa ikayaandikisha yote kuwa urithi wa taifa ili yasiuzwe nje kulipa madeni, na 1982 ndo milango ikafunguliwa rasmi. Mpaka leo ipo, kwa miaka mingi ilijulikana kama Cité de l'Automobile.

Ona hapo, mwenye mali hakuwa amepanga lolote la kesho. Ule mkusanyiko umepona kwa sababu wafanyakazi waliushikilia kama dhamana na serikali ikawahi na sheria. Bila vitu hivyo viwili zile Bugatti leo zingekuwa kwenye magereji ya matajiri wasiojuana.

Sasa Reno, Nevada. Bill Harrah, mwenye makasino, alifikisha magari kama 1,400. Elfu moja na mia nne wakuu! Alikuwa na karakana yake, maktaba yake, watu wa kutafiti rangi halisi ya gari ya mwaka fulani ilikuwa ipi. Akafariki 1978. Magari yalikuwa mali ya kampuni, kampuni ikanunuliwa na Holiday Inn mwaka 1980, na Holiday Inn ni watu wa mahoteli, wakapiga mnada mkusanyiko kati ya 1984 na 1986. Watu wa Reno walilalamika sana mpaka yakatolewa magari 175 kuanzisha makumbusho ambayo ilifunguliwa 1989. Kutoka 1,400 mpaka 175.

Naendelea baadaye kidogo, karibuni.

#2 Kiroboto_wa_Chalinze

Naweka kambi hapa. Mkuu tiririka, hii ya wafanyakazi kukalia kiwanda sikuwahi kuisikia.

#3 FundiMaulidi

Mzee heshima yako. Mimi nitaongea kifundi maana mambo ya mirathi siyawezi.

Watu wanadhani gari ikiegeshwa imepumzika. Hapana bwana, gari iliyoegeshwa inaoza kimyakimya. Petroli ikikaa miezi inageuka gundi, inaziba jeti za kabureta, na tangi linashika kutu kwa ndani pale juu ambapo mafuta hayafiki. Oili ya breki inavuta unyevu wa hewa, yale maji yanatulia kwenye silinda za magurudumu yanakula vishimo vidogo vidogo, siku unakanyaga breki pedeli inaenda mpaka chini na gari haisimami. Tairi zikibeba uzito sehemu ile ile zinapata bapa, ndo maana wenzetu wanainyanyua gari kwenye stendi. Sili za raba zinakauka, ringi zinagandana na silinda. Na panya anapenda sana viti vya zamani vilivyojazwa manyoya na nyuzi, akimaliza kiti anahamia kwenye waya. Alafu magari mengi ya kabla ya vita bati la bodi limepigiliwa juu ya fremu ya mbao, kwa hiyo ukiwa nchi yenye mchwa kama yetu unaweza ukafungua mlango siku moja ukabaki nao mkononi.

Kuna njia mbili tu. Ya kwanza unaikausha, unamwaga petroli yote na maji yote, unaweka oili mpya kwenye injini, unatia oili kidogo kupitia matundu ya plagi na kuizungusha kwa mkono mara kwa mara, inabaki kuwa ya kuangaliwa. Ya pili unaiacha hai, lakini hai maana yake unaitoa barabarani ipate moto kamili. Kuna watu wanawasha dakika tano kila Jumapili wanasema wanaitunza, kumbe ndo wanaiua, maana ule mvuke wa maji unabaki kwenye eksozi na kwenye oili bila kukauka. Kule Nashville kuna makumbusho ya Lane, ilifunguliwa 2003 ndani ya jengo la zamani la kuoka mikate, wao wanajitahidi magari yao yawe ya kuwaka na kutembea. Inataka mafundi wa kudumu hiyo, sio kibarua wa siku.

Na vijana wa gereji mnisikie, breki shuu na gasketi za zamani zina asbesto. Usipulize ngoma ya breki kwa kompresa ukavuta lile vumbi. Lowanisha, futa kwa kitambaa, kitupe vizuri.

#4 Mama_Shamte

Mimi nilifanya field kwenye makumbusho nikiwa chuo (sitaitaja), naomba niongezee kitu ambacho wanaume wa magari huwa mnakipita kama hamkioni. Karatasi!

Gari ya zamani ikiletwa bila maelezo, hatuna cha kumwambia mtoto wa shule zaidi ya "hii ni gari ya zamani". Nani aliinunua, ilibeba nini, dereva alikuwa nani, iliwahi kupinduka wapi, ile taa ya kushoto kwa nini haifanani na ya kulia, hizo ndo zinamfanya mtu asimame pale. Kadi ya gari, risiti za spea, leseni ya njia, picha ya harusi ambayo gari imetokea nyuma, vitu vya bahasha moja tu, vinatupwa siku ya kugawana vyombo vya marehemu. Nimeona familia ikileta gari na kung'ang'ania tuipokee, tukiuliza makaratasi wanasema yalichomwa na takataka.

Nyingine, msidhani sheria inawalinda. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inahesabu kama kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa kabla ya 1863. Gari la Benz, lile la mwanzo la petroli, lenyewe ni la 1886! Kwa hiyo hakuna gari la petroli hata moja duniani linaloingia humo kwa umri wake, mpaka waziri atamke kwamba kitu fulani kilindwe. Lori la mwaka 1950 kisheria ni chuma tu, mtu wa skrepa akija na mizani halali yake.

#5 NgongRoad_Datsun

Wazee, salamu kutoka Nairobi. Huu uzi umenigusa sana.

Mnajua Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally 1971, ile ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, iko wapi leo? Iko Zama, Japan, kwa ghala la Nissan la magari yao ya kihistoria. Rally ya mwaka ule ilipita Kenya, Uganda na Tanzania, matope ni yetu, wananchi waliosukuma magari kwa udongo mweusi wa black cotton ni wetu, na Shekhar Mehta ambaye ni wa huku kwetu ndiye alimaliza wa pili akaja kushinda 1973 na tena mara nne mfululizo 1979 hadi 1982. Lakini gari yenyewe ukitaka kuiona unapanda ndege. Na siwalaumu Nissan hata kidogo, waliirudisha nyumbani, na 2013 wafanyakazi wao wenyewe waliifufua ikawaka tena. Ni sisi hatukuwa na mahali pa kuiweka hata wangetuachia.

Halafu kuna Nyayo Pioneer, gari ya Kenya yenyewe. Mradi ulianza 1986 pale University of Nairobi, gari zikazinduliwa Februari 1990 Kasarani, zilijengwa tano peke yake na pesa za kutengeneza nyingi hazikupatikana. Watu huicheka hiyo gari. Mimi siicheki. Injinia Mkenya alikaa chini akachora bodi, akafikiria injini, hiyo kazi inastahili kuwekwa mahali safi na kila mchoro wake ukutani, kama vile mataifa mengine yanaweka majaribio yao ambayo hayakufika sokoni.

Pale penye tuko na uhai ni Concours d'Elegance, mashindano ya gari zilizotunzwa vizuri, inafanyika tangu 1970 na iko Ngong Racecourse, unaona gari za wazee zimeng'aa na majaji wanachungulia mpaka chini ya gari. Lakini ni ya siku moja, jioni kila mtu anarudi na gari yake. Na kuongeza za kutoka nje ni shida, Kenya gari ya mtumba ikizidi miaka 8 hairuhusiwi kuingia. Kwa hivyo zile ziko hapa ndani ndizo hizo, ikienda moja imeenda.

#6 MzeeWaKabureta

Datsun umeniumiza na hiyo ya Zama, ila ndo ukweli wenyewe.

Mama Shamte hiyo ya 1863 ningeomba kila mtu humu aisome mara mbili. Tena kwetu Bara gari kuukuu likiletwa kutoka nje ya nchi linapigwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, mfumo unaliona kama mzigo mbovu na haujui kwamba linaweza kuwa urithi. Hiyo ni ya kupeleka bungeni kabisa.

Sasa pesa. Hapa ndo pagumu na nitakaa hapa.

Kiingilio peke yake hakitoshi. Piga hesabu mwenyewe, jengo la kukaa magari 30 yenye nafasi ya mtu kuzunguka, paa lisilovuja, umeme wa kupunguza unyevu, mlinzi usiku na mchana, mafundi wawili, bima, mtu wa tiketi, choo safi, halafu Jumanne ya mvua wanakuja wageni wanne. Na magari hayabadiliki! Mtu akishaona kaona, labda aje tena siku ana mgeni. Ndo maana hata makampuni makubwa yanashindwa. Chrysler walijenga makumbusho yao Auburn Hills, Michigan, ikafunguliwa 1999, mwisho wa 2012 wakafunga, wakajaribu kuifungua tena kwa siku chache chache 2016, wakafunga moja kwa moja. Kampuni inayotengeneza magari yenyewe hiyo.

Tupelo, Mississippi, kulikuwa na makumbusho iliyofunguliwa 2002 na tajiri wa kituo cha televisheni, Frank Spain, magari zaidi ya 100 mazuri kabisa. Mwenyewe akafariki 2006. Familia ikajikongoja nayo kwa miaka, naiheshimu sana, lakini 2019 wakafunga na Aprili mwaka huo huo Bonhams wakapiga mnada.

Waliosimama wamefanyaje? Angalia Beaulieu, Uingereza. Lord Montagu alianza 1952 na magari matano tu ukumbini kwa nyumba yake kumuenzi baba yake ambaye alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kabisa wa magari kule. Matano! Leo yapo zaidi ya 250. Ila alifanya mambo mawili ya akili, kwanza makumbusho akaiweka mikononi mwa wadhamini ikawa taasisi inayojitegemea, sio mali ya mtoto wala mjukuu, na pili hakutegemea tiketi ya kuangalia magari peke yake. Tangu 1967 wanafanya gulio la spea, watu kutoka nchi kibao wanakuja kuuza mataa, kabureta, vitabu vya gari, mabango, na wageni wanakuja wenyewe kila mwaka kwa sababu kila mwaka kuna kitu kipya cha kununua. Sasa hilo la gulio sisi tunaliweza kesho asubuhi. Nani humu hatafuti spea?

Na wale wa makumbusho ya magari ya spoti ya Corvette kule Bowling Green, Kentucky, wamekaa jirani na kiwanda ambacho Corvette zote zinatoka humo tangu 1981, wana wanachama wanaochangia. Tarehe 12 Februari 2014 alfajiri sakafu ikafunguka, ardhi ya pale chini ni miamba ya chokaa yenye mapango, shimo likameza Corvette 8. Hakuna aliyeumia kwa sababu palikuwa pamefungwa. Walizitoa zote, tatu zikafufuliwa, tano wakaamua zibaki zilivyopondeka na wakaziweka watu wazione. Wageni wakaongezeka kuliko kabla ya ajali. Sio kwamba shimo ni bahati, ila walikuwa na watu nyuma yao wa kushika makumbusho siku mbaya ilipofika. Tajiri mmoja peke yake angefunga siku ile ile.

#7 Mtetezi_wa_Walipakodi

Samahani wakuu, sipendi kuharibu mjadala, lakini nchi ina zahanati hazina dawa na nyie mnataka kutunza vyuma? Kama ni hobi ya matajiri wajilipie wenyewe wasiingize serikali.

#8 Mama_Shamte

Kaka hoja yako ni ya haki na naijibu kwa heshima. Hakuna humu aliyesema pesa ya dawa ihamishwe. Lakini Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert ipo tayari, ilifunguliwa kwa wananchi 1940, na ndani yake ipo Rolls-Royce iliyotumiwa na gavana wa Kiingereza kisha Mwalimu Nyerere. Wanafunzi wakifika pale wanasimama. Ukimwambia mtoto ukoloni uliondoka 1961 atasahau, ukimwonyesha gari ile ile iliyombeba gavana halafu ikambeba Mwalimu, hasahau.

Na usiseme matajiri kaka. Gari zilizobeba nchi hii ni za watu wa kawaida. Chai maharage za Dar mlizokuwa mnakaa mnatazamana, mabasi ya Ikarus kumbakumba za UDA, malori ya Scania yaliyounganishwa Kibaha, gari la Nyumbu la pale pale Kibaha ambayo ni kazi ya mikono ya Watanzania. Hizo hakuna tajiri wa Ulaya atakayezinunua mnadani kwa mamilioni. Zikipotea zimepotea, hazina Holiday Inn wala Bonhams.

#9 MjiMkongwe_Kwetu

Assalaam aleikum jamaa. Mie nataka nizungumzie jengo, maana kwetu Unguja hili tumelishuhudia kwa macho.

Beit al Ajaib, nyumba ya Sayyid Barghash ya 1883, ilokuwa ndo makumbusho yetu, tarehe 25 Disemba 2020 upande mzima uliporomoka. Nyumba yenye kila heshima ya dunia, na bado ikaanguka. Sasa mtu akinambia ataweka magari kwenye ghala la zamani la bandarini kwa sababu kodi rahisi, namuuliza paa umelipanda ukaliangalia?

Na chumvi. Gari za pwani fundi yoyote anazijua, unagonga chini ya mlango kwa bisibisi na bisibisi inazama. Upepo wa bahari unaingia kila pahala, hata gari ikiwa ndani. Ukitaka makumbusho ya pwani inabidi mlango uzibwe vizuri na hewa ikaushwe muda wote, na umeme ukikatika jenereta iwake, hiyo ni pesa kila siku ya Mungu. Ama sivyo ijengwe bara kavu, Dodoma huko au Singida. Nasema haya na mie ni Mzanzibari, ningependa iwe kwetu, lakini gari zitalika.

Moto nao msiusahau. Uingereza kulikuwa na makumbusho ya pikipiki karibu na Birmingham, Septemba 2003 kipande cha sigara kiliwasha moto na pikipiki zaidi ya 380 zikaungua. Januari 2021 tena Austria, juu kabisa kwenye milima Hochgurgl, zaidi ya 200. Wote walijenga upya, lakini kuna pikipiki pale zilikuwa za mwisho duniani, hizo huwezi kujenga upya.

#10 Mnyamwezi_LA

Niko huku Los Angeles miaka mingi kidogo, naongezea kipande kwenye kisa cha Mulhouse alichoanza mzee.

Sio magari yote ya Schlumpf yalibaki kule Ufaransa. Kulikuwa na fungu la akiba, mengi mabovu bado hayajafufuliwa, lilirudi kwenye familia na 2008 likanunuliwa na tajiri wa huku, Peter Mullin. Alifungua makumbusho Oxnard 2010, na nilibahatika kufika. Yale ya Schlumpf aliyaweka vile vile na vumbi lake na ngozi zilizochanika, hakuyapiga rangi. Na pembeni kulikuwa na Bugatti Brescia iliyotolewa Ziwa Maggiore 2009, ilikaa chini ya maji zaidi ya miaka 70. Habari iliyotembea ni kwamba ushuru haukulipwa ndo watu wa forodha wa Uswisi wakaitosa ziwani. Wazamiaji wa kijiji cha jirani waliitoa, na pesa ya mnada ikaenda kwenye mfuko wa kumkumbuka kijana wa kwao aliyeuawa.

Nilisimama kwenye lile gari kuliko kwenye mengine yote. Bati limeliwa, limebaki vipande vipande vya kahawia, unaona chasisi kwa ndani, rimu bado zina shepu ya duara, na mbele ile shepu ya rejeta bado unaitambua kwamba hii Bugatti. Kulikuwa na mzee mmoja na mjukuu wake, mtoto anauliza kwa nini hawalitengenezi, babu anamweleza kwa sauti ndogo kwamba likitengenezwa litakuwa gari lingine. FundiMaulidi samahani kaka, najua mkono wako unawasha ukiona kutu, ila mengine yaachwe.

Sasa lenye kuuma. Mullin alifariki Septemba 2023. Februari 2024 makumbusho ikafungwa. Kwa hiyo yale magari yaliponea kwa Schlumpf, yakavuka bahari, yakapata mtu aliyeyapenda kweli kweli, na yamerudi tena kutawanyika.

#11 FundiMaulidi

Hapana sikasiriki mkuu, nakubaliana na wewe. Ukishapiga msasa umeshafuta, hairudi. Rangi ya kiwandani ina alama zake, hata chozi la rangi chini ya boneti ni la mtu aliyekuwa zamu siku ile. Ninachokataa ni mtu kuacha gari ioze halafu anajitetea kwamba anahifadhi uhalisia. Kutu inatakiwa isimamishwe, unasafisha, unapaka nta, unakausha hewa.

#12 Dogo_wa_Umeme

Wazee swali, na hizi za umeme itakuwaje? Miaka 40 ijayo makumbusho itaweka nini

#13 FundiMaulidi

Dogo umeuliza kitu kizito. Kabureta naweza kuichonga, bushi naweza kuikata kwenye leizi, lakini betri ya lithiamu ukiiacha bila chaji inakufa, na ukiiweka na chaji nyingi ndani ya jengo ina hatari ya moto wake. Na hata betri ukipata, bila programu ya kampuni gari haiamki.

Tayari limeshatokea. General Motors walitoa gari la umeme la EV1 miaka ya 90, wakazikodisha tu hawakuuza, baadaye wakazikusanya na nyingi wakaziponda. Chache walizowapa makumbusho na vyuo wakazizima kabisa mfumo wake zisitembee tena. Ile iliyoko makumbusho ya Smithsonian, Washington, ndo inajulikana kubaki kamili. Yaani gari ya juzi tu, na haiwezi kuwaka wakati Ford T ya baba wa babu yako inawaka kwa hendeli.

#14 MwanaWaFiat

Wakuu nimesoma uzi wote nimeshindwa kukaa kimya. Marehemu mzee wangu alikuwa dereva wa barabara ya Zambia miaka ya mwisho ya 60, enzi zile Rhodesia imejitangazia uhuru wao wa walowezi na mafuta ya Zambia yakawa yanapita kwetu, kabla TAZARA haijaanza. Madereva walikuwa wanaiita njia ya kifo, Kitonga yenyewe haikuwa na lami. Baadae alinunua lori la Fiat yake mwenyewe, ipo nyumbani Iringa mpaka leo, haiwaki lakini imekamilika mpaka usukani. Ana daftari aliloandika kila safari, mafuta, mzigo, wapi alilala, wapi alizika mwenzake. Mtu wa chuma chakavu ameshakuja na ndugu zangu wawili wanataka iuzwe tugawane. Nimewaza kuipaka rangi kwanza ionekane ya maana labda watabadili mawazo. Mnanishaurije?

#15 Mama_Shamte

Daftari!! Kaka toa hilo daftari kwenye hiyo nyumba leo leo. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu, mchana kwenye kivuli, tuma nakala kwa watu wawili unaowaamini, lenyewe livike karatasi safi uliweke kwenye sanduku la bati mbali na panya. Na kama mama yupo hai mrekodi sauti, muulize mzee alikuwa akirudi anasimulia nini.

#16 NgongRoad_Datsun

Pole kwa mzee. Hiyo Fiat na hilo daftari ni makumbusho tayari, hata bila nyumba. Mimi niko na picha za lori za hiyo njia kutoka kwa mjomba, nitakutumia.

#17 MzeeWaKabureta

MwanaWaFiat, pole na hongera kwa kuitunza. Rangi usiguse. Nikuulize kwanza, kadi ya gari ipo jina la nani?

#18 MwanaWaFiat

Bado jina la marehemu mzee. Mirathi hatukuwahi kufungua, tulisema sisi ndugu tunaelewana.

#19 MzeeWaKabureta

Basi anzeni hapo. Kaeni kikao cha ukoo, mpendekeze msimamizi wa mirathi, mwende mahakamani ateuliwe, hiyo ndo inampa mtu nguvu ya kisheria ya kumkatalia mtu wa skrepa, maana hivi sasa ndugu yeyote akimfungulia geti lori limekwenda. Ndugu wanaotaka pesa wasinyamazishwe, lipimeni kwa bei ya chuma ya leo, mjue fungu la kila mmoja ni shilingi ngapi, nahisi itakuwa ndogo kuliko wanavyofikiri, na humu tunaweza kuchangishana mkawalipa waridhike. Mimi nipo tayari kuanza.

Likishatulia ndo mnakuja kwenye bodi ya wadhamini. Inasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, misikiti na makanisa na vikundi vingi vina bodi za namna hiyo, mnaandika katiba, mnaweka wadhamini wasiokuwa wa familia moja, halafu kadi ya Fiat inahamia jina la bodi. Kwenye katiba andikeni wazi gari likiingia halitoki kwa kuuzwa bila sababu zilizotajwa, na taasisi ikifa magari yaende kwa nani, mtajeni mapema. Harrah angeweka karatasi hiyo moja leo Reno ina magari elfu.

Hata ikibaki gari moja chini ya bati Iringa kwa miaka kumi ya mwanzo, sawa tu. FundiMaulidi ukipata nafasi ya kupanda huko kwake ukaikaushe vizuri na kuinyanyua kwenye stendi, nauli naisimamia mimi.

#20 FundiMaulidi

Nipo. Nikimaliza hii Canter ya mteja naenda. MwanaWaFiat nitumie picha ya injini upande wa pampu ya dizeli na picha ya chini kwenye springi, nijue nibebe spana za namba gani. Na usiizungushe injini mpaka nifike, hata mtu akikushawishi.